Chupa Ulizozisuuza

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijui namna nyingine ya kukuanza. Hata zile siku tulizonuniana nilikusalimu kwanza, ndipo nikanuna. Sasa wewe umelala Katoro, mimi niko Ngokolo, hapa Shinyanga, kwenye chumba kilekile ulichosema kina joto la tanuri, nimekaa kitandani na karatasi magotini kwa sababu meza imejaa vyombo. Ungeniona ungenigombeza.

Huku hatujambo, ukiacha kwamba haupo. Matanga yalianuliwa vizuri, watu walikula wakashiba. Vitenge vyako waligawana mashangazi. Kuku nao waligawanywa, na yule jogoo mkorofi uliyekuwa unamtishia kisu kila Jumapili bado anaishi. Alichukuliwa na Mama Zawadi, shoga yako wa kazini, na naambiwa sasa anamkimbiza yeye asubuhi mpaka mlangoni kwa choo. Michembe ya viazi vikavu uliyonitumia kwa kondakta wa basi mara ya mwisho sijaimaliza. Naila kipande kimoja kimoja na karanga, halafu nakasirika nikiona mfuko umepungua.

Hizo ndizo habari ndogo. Kubwa ni ya chupa yako.

Ndiyo, ileile ya mkojo. Usinicheke. Hukupenda nikikueleza kazi yangu kwa urefu, ulikuwa unanikatiza: "Kabula, wewe unapima mikojo ya watu, imetosha." Leo utanivumilia, maana huwezi kuondoka ukaenda kuangalia sufuria.

Mawe mliyokuwa mkisaga kwa karasha na kuchekecha pale mwaloni, kazini kwenu, yana dhahabu, lakini yana vitu vingine pia, na kimoja ni urani, inayotoa mionzi. Iko karibu kila penye mawe na udongo, na kila mtu ana chembe yake kidogo mwilini, wala haimdhuru. Taabu inaanza mtu akivuta vumbi la mawe kutwa nzima, mwaka unaingia mwaka unatoka. Inakaa mapafuni, inapenya kwenye damu, inafika kwenye figo, na nyingine inatoka na mkojo. Ndiyo maana tukitaka kujua mtu amevuta kiasi gani, tunaomba mkojo wake.

Siku tuliyokuja na makasha ya chupa, wenzako wote walitutazama tu. Sikuwalaumu. Nywele, kucha, mkojo, vitu vya mtu havipewi wageni wenye makoti meupe, nani ajuaye wataenda kuvifanyia nini. Wengine walianza kukusanya nyungo zao. Ndipo ukainuka, ukajipangusa vumbi, ukasema kwa sauti iliyoshinda karasha: "Huyu nimemzaa mwenyewe. Akiniroga amejiroga!" Mama Zawadi alicheka mpaka akaketi chini. Ukachukua chupa ya kwanza, na baada yako hakuna aliyebaki nyuma. Keshokutwa yake asubuhi mkazileta zimejaa, umezipanga kwenye beseni na kuzifunika kitenge kama mtu anayepeleka vitumbua sokoni. Nilikuonea fahari, Mama, na sikukwambia. Nilikwambia tu asante, tena kikazi, kwa sababu bosi wangu alikuwa amesimama karibu.

Haukupita muda miguu yako ikavimba. Daktari akasema figo. Akasema na presha, akasema na sukari uliyokuwa ukiificha, ukinidanganya kwenye simu kwamba umeacha soda. Nilikuja, nikarudi Shinyanga kuomba ruhusa ndefu kazini, nikawa najua nitakukuta. Sikukukuta. Mpaka leo nikiona gari la asubuhi linatoka stendi kwenda huko kwenu Geita nageuza uso.

Maneno yakaanza msibani palepale. Hakuna aliyeniambia usoni, lakini nilisikia nikiwa jikoni na shangazi: aliyetoa mkojo wa kwanza ndiye aliyekufa wa kwanza.

Nikarudi kazini, na kazini nako nikakuta balaa. Bosi wangu, Bwana Masunga, mkuu wa maabara yetu, alikuwa amepata mashine mpya. Ni mtu mwema, ila mashine ile aliipenda kama mtu aliyenunua pikipiki yake ya kwanza, anaifuta hata ikiwa safi. Kabla ya kuanza kuitumia kwa wafanyakazi wa migodi, ilibidi tuilinganishe na njia yetu ya zamani. Mkojo wenu ndio ulioletwa kwa kazi hiyo: kila chupa igawanywe, sehemu ndogo ipite huku, iliyobaki ipite kule, tuone kama majibu yatafanana.

Njia ya zamani ungeipenda, maana ni mapishi. Unachukua mkojo wote uliobaki chupani, unaisuuza chupa kwa asidi na hayo masuuzo unayatia humo humo, unachemsha taratibu mpaka unakauka, unauunguza mpaka unabaki majivu meupe. Majivu unayayeyusha, unayapitisha kwenye mrija wenye punje ndogondogo zinazokamata urani na kuacha vingine vyote. Kisha ile urani unaigandisha kwenye kisahani cha chuma, unakiweka kwenye kihesabio, unangoja. Kinahesabu mionzi inayoruka kutoka kwenye kisahani, na kwa kuwa ni michache, kinahesabu siku na siku. Harufu yake, Mama, hata baada ya kuoga unaisikia puani.

Mashine mpya haitaki shida hizo. Unachota kijiko cha mkojo juu juu, unauzimua kwa maji, mashine inaunyonya, inauchoma kwa moto mkali kuliko wowote unaoujua, na inapima uzito wa kila chembe inayotoka. Hujamaliza chai yako, jibu limekuja.

Majibu hayakufanana. Wanawake walewale, chupa zilezile, mashine mpya ikasema hamna kitu cha kutisha, njia ya zamani ikasema kipo, na si kidogo.

Najua ungesema, "Sasa si mchague moja?" Ndiyo kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Tukisema hamna kitu, mwenye mwalo anaendelea kuwachekechesha vumbi kavu. Mawe yakiloweshwa kabla ya kusagwa vumbi linapungua sana, lakini maji yanataka pampu na bomba, naye alishatamka mbele ya kila mtu kwamba hanunui hata mpira wa bustani mpaka aone majibu. Na tukisema kipo, kumbe hakipo, tumewatia watu hofu na kuwatoa kwenye riziki yao bure. Bwana Masunga aliiamini mashine. Alisema pengine njia ya zamani inaokota vumbi la vyombo vyetu wenyewe, kwa vile inapita mikono mingi. Akaanza kuandika ripoti hivyo, na nilibishana naye mpaka wenzangu wakafunga mlango.

Tukiwa katika hali hiyo, Mama Zawadi akatokea. Alikuja Shinyanga kwa basi na wenzake wawili, wamevaa nguo za kanisani, wakakaa kwenye benchi la mapokezi wakakataa kuondoka. Walitaka chupa zao. "Tupeni vitu vyetu tukavimwage wenyewe," alisema, na hakuniita Kabula, aliniita dada, kama mtu asiyenijua. Iliniuma kuliko alivyodhani. Nikawachukua nje kwa mama ntilie nikawaagizia chai, nikamweleza taratibu kwamba mikojo imeshatumika, imekwisha.

Ndipo akalia. Akalia kwa hasira, Mama, unamjua. "Na tulivyowaheshimu!" akasema. "Mama yako alitukusanya wote jioni ile. Akatuonyesha kwamba zile chupa zenu zina majimaji chini, yananuka ukali. Akasema, sisi hatumpelekei mwanangu chombo kichafu, wenzake waje kumwambia watu wa kwao hawajui usafi. Tukazisugua zote kwa sabuni ya mche, tukazisuuza, tukazianika kwenye kichanja. Halafu leo mnatuambia imekwisha!"

Chai ilinipalia.

Mama! Yale majimaji yalikuwa asidi. Tuliyaweka sisi, kwa makusudi. Mkojo ukikaa kwenye chupa ya plastiki bila asidi, urani inaacha maji, inakwenda kung'ang'ania ukuta wa chupa na kujificha kwenye ule utando mweupe unaotuama chini. Asidi inaizuia. Kwa hiyo mashine mpya ilichotewa kijiko cha juu juu, ikaonja maji matupu. Njia ya zamani, kwa kuwa inakula chupa nzima mpaka na masuuzo yake, ikaikuta huko ilikojificha. Hakuna njia iliyosema uongo. Ni usafi wako tu.

Nilicheka pale pale mbele ya Mama Zawadi, halafu kicheko kikageuka. Ulikaa na beseni la maji, umechoka, miguu labda ilishaanza kuvimba hukuniambia, unasugua chupa za watu wote ili mimi nisione aibu kazini. Nilikukasirikia sana. Nilikupenda sana. Sijui mpaka sasa kipi kilitangulia.

Bwana Masunga alinisikiliza amesimama. Kwanza akasema, "Kosa hilo ni langu." Yeye ndiye aliyeagiza kwamba kwenye maelezo mtakayosomewa lisitajwe neno asidi, kwa kuhofia mtakimbia. Halafu akakaa akasema kwamba hayo yote yana mantiki lakini bado ni dhana, na mwenye mwalo hatanunua pampu kwa dhana. Inatakiwa chupa moja iliyosuuzwa na kujazwa kama zile nyingine, ambayo haijafunguliwa. Ipimwe kwa mashine kama ilivyo. Itiwe asidi, iachwe, itikiswe, ipimwe tena. Kisha yote iliyobaki ipikwe kwa njia ya zamani. Majibu mawili ya mwisho yakikutana, tumejua.

Chupa hiyo ilikuwa moja tu duniani, na ni yako.

Ilibaki kwa sababu kwetu maabarani mtu hapimi ndugu yake. Mwenzangu aliyetakiwa kuipima alikwenda likizo, na aliporudi ulikuwa umeshazikwa, hakuna aliyethubutu kuigusa. Ilikuwa kwenye friji, droo ya chini kabisa. Nilikuwa nafungua kuitazama. Wenzangu walijua, wakajifanya hawaoni. Kuna watu waliobaki na pete ya mama yao, wengine shuka, mimi nilibaki na lita moja ya mkojo, na usidhani sikuona kichekesho chake. Lakini ulikuwa mwili wako, Mama. Kingine chote chako kimeoza au kimegawanywa. Na njia ya zamani haibakizi, inaunguza mpaka mwisho.

Nilikataa. Nilimwambia Bwana Masunga akatafute kwingine, tena kwa sauti ambayo bosi hapandishiwi. Akasema tu, "Ni yako, Kabula. Sikulazimishi."

Basi nikaenda Katoro kuwaomba wenzako mkojo mpya, ili wako ubaki. Nilikodi bodaboda kutoka stendi mpaka mwaloni, nikamkuta Mama Zawadi ndiyo anatoka kazini. Nilimjua kwa mwendo, maana sura ilikuwa nyeupe tupu, kope nyeupe, nywele za mbele nyeupe kama bibi kizee. Alisimama akanawa, na maji yaliyomdondoka yalikuwa mazito kama uji. Alinikaribisha kwake, akanipa ugali wa mtama na mlenda, akaniambia kwa upole kwamba hakuna hata mmoja atakayetoa tena mpaka waambiwe neno moja, tatizo mwilini mwao lipo au halipo, na lisiwe maneno mawili. Wakati wote akiongea alikuwa anakohoa, anageuka pembeni, anaomba radhi, anaendelea. Nilikuwa nimekaa pale, mawazo yangu yameikumbatia chupa yako, na mbele yangu kuna mtu aliye hai, mwenye mapafu.

Usiku ule nililala kwake, sikupata usingizi. Asubuhi nilimpigia Bwana Masunga nikamwambia afungue.

Aliipima mwenyewe, kwa heshima, hakumwachia mtu. Kijiko cha kwanza mashine ilisema karibu hamna. Akatia asidi, akaiacha kwenye maji ya vuguvugu, akaitikisa, akaiacha tena, na nilijizuia nisiende kuitazama. Kijiko cha pili, akaniita. Sikuhitaji kuulizwa kama naelewa. Ilikuwepo.

Kisha akamimina yote iliyobaki kwenye bika ya kioo, tayari kwa kupika, akanipa ile chupa tupu na asidi ya kusuuzia. "Suuza wewe," alisema. "Hiyo si kupima."

Siku ya msiba nilifika umeshaoshwa, Mama. Mashangazi walifanya kila kitu, walisema jua kali, hawakuweza kuningoja. Nilikuta umefungwa tayari, nikaonyeshwa uso tu. Sijawahi kumlaumu mtu, lakini mikono yangu ilibaki na deni lake. Basi nilivaa glavu, nikaisuuza chupa yako. Chini, ubavuni, shingoni, kwenye kifuniko ulichokifunga kwa nguvu zako zote kama kawaida yako. Nikayamimina masuuzo kwenye bika pamoja na mengine, nikairudia. Nililia nikiwa nimevaa miwani ya kazi na ikaingia ukungu.

Ulichemka ukakauka, ukawa majivu, ukawa alama ndogo isiyoonekana kwenye kisahani. Kihesabio kikakaa nacho. Kilipomaliza, jibu lake na la kijiko cha pili yalikuwa kitu kimoja.

Tulikwenda mwaloni wote wawili, mimi na Bwana Masunga. Niliwaambia wenzako neno moja waliloliomba: lipo. Niliwaambia na wewe ulikuwa nalo. Mmoja, sitamtaja, akauliza kwa hiyo ni Mama Kabula ndiye aliyeharibu kazi kwa kuosha chupa. Kabla sijafungua mdomo, Bwana Masunga alisimama akasema walioharibu ni maabara, kwa sababu mtu mwenye akili akipewa chombo chenye kitu asichoambiwa ni nini, lazima akioshe. Akavua kofia. Sikutegemea.

Mama Zawadi aliuliza lile ambalo nilikuwa naliogopa. "Ndiyo iliyomuua?" Nikamjibu sijui. Ulikuwa na presha, ulikuwa na sukari, na ulikuwa na hiyo urani. Kipimo kinasema ilikuwamo, hakisemi ilifanya nini. Nilitamani kuwa na jibu la kumpa, na mimi mwenyewe nilitamani kupewa.

Mwenye mwalo amenunua pampu. Amenung'unika wiki nzima, lakini maji yanatoka, na karasha sasa inasaga matope. Wabeja, Mama, asante. Chupa mpya tuliwapelekea, na safari hii nilizishika moja moja nikawaambia: hii ni asidi, inaunguza, msiimwage, msiiguse, imewekwa kwa sababu hii na hii. Baadhi walikataa kabisa, na wana haki yao. Mama Zawadi alichukua yake akaishika mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka, akaondoka nayo.

Majibu yake yametoka jana. Njia zote mbili, ya kupika na ya kijiko, zimesema neno moja, hazikupishana. Kiasi chake kimezidi chako.

Nimelisoma jibu lile mpaka macho yakauma. Maji yamekuja, sawa, lakini vumbi la miaka yote liko tayari ndani yake, na figo zake hatujui zimefika wapi. Kuna daktari Mwanza nimeshaongea naye, atampokea. Ila atauliza aache kazi ale nini, na bado lazima nimwambie. Bwana Masunga alitaka tumpigie simu. Nimekataa. Nakuahidi hivi, Mama, na wewe unajua nikiahidi: jibu la mtu wa mwalo ule sitalituma kwa simu wala kwa karatasi, liwe zuri au baya. Nitalibeba mwenyewe, nikae naye chini, nilale kwake kama itabidi. Wewe uliwaambia wanipe kwa sababu umenizaa.

Kesho naondoka na basi la asubuhi. Nimekuandikia haya yote ili mdomo wangu uzoee kuyasema kabla sijafika.

Pumzika, Mama. Nitapita kwako kwanza, nikung'olee majani, halafu niende kwake.

Mwanao,
Kabula